Kalenda ya Maji: Hotuba kuhusu Uvuvi wa Mwisho wa Mapukutiko, Baharini na Maziwani

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wavuvi wenzangu wa mshipi, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie uvuvi wa majuma ya mwisho ya majira ya mapukutiko, yaani ule muda ambao majani yamekwisha kuanguka na barafu bado haijaingia. Kaskazini ya dunia ni Novemba na siku za mwanzo za Desemba. Kusini ya dunia ni Mei na siku za mwanzo za Juni. Wako wanaoyaita majira haya vuli, nami sina ugomvi nao, ila neno hilo limezoea kutembea na mvua, na leo sipendi tuchanganye mambo.

Nina jambo moja tu la kusema, na mengine yote yataning'inia juu yake kama ndoana nyingi kwenye mshipi mmoja. Katika majuma haya, kinachoamua samaki yuko wapi na kama atakula ni joto la maji, wala si tarehe iliyo ukutani, wala si baridi tunayoisikia masikioni. Wengi wetu tunavua kwa kufuata ngozi zetu. Hewa ikipoa tunasema msimu umekwisha, tunafuta mafuta rili, yale magurudumu ya kukunjia mshipi, tunazifungia kabatini, na kumbe chini ya mawimbi msimu ndio kwanza umefika katikati.

Sababu yake ni nyepesi. Kwa uzito ulio sawa, maji huhitaji joto takriban mara nne ya lile la hewa ili yapande uzi mmoja wa Selsiasi, na huliachia joto hilo kwa uchoyo ule ule. Kidimbwi chenye kina cha mita mbili hupoa kwa siku chache tu za anga tupu na upepo mkavu, ziwa lenye kina cha mita ishirini huchukua majuma, na bahari huchukua miezi. Ndiyo maana katika sehemu za kaskazini zenye majira manne bahari hufikia kilele cha joto lake Agosti au Septemba, na hufikia baridi yake kali kabisa Februari au Machi, wakati jua limekwisha kuanza kurejea. Siku moja ya Novemba, basi, inaweza kubeba majira mawili: kidimbwi kikawa na nyuzi 5 za Selsiasi, na bahari iliyo mwendo wa nusu saa kutoka hapo ikawa na nyuzi 12.

Somo hili nililipata kwa hasara. Mwaka mmoja, asubuhi ya kwanza ya umande ulioganda, nilivifunga vifaa vyangu vya baharini nikahamia ziwani. Nilikaa majuma matatu bila kuguswa chambo. Mwenzangu mmoja, ambaye hakuwa na vifaa bora kuliko vyangu wala mikono ya ajabu, alikuwa akishuka ufukweni kila jioni na kurudi na samaki. Nilipomwuliza siri yake hakunijibu kwa maneno. Aliingiza mkono mfukoni akatoa kipimajoto kilichofungwa uzi.

Tangu siku ile na mimi ninacho, na ni kifaa rahisi kuliko vyote nilivyo navyo. Kipimajoto kitupu kikiteremshwa mita nane kisha kikavutwa juu husoma maji kilimopitia, si maji kilikotoka. Kwa hiyo nimekiweka ndani ya chupa ndogo yenye shingo nyembamba, nikaitia chupa kipande cha risasi ili izame, na uzi nikaupiga fundo kila mita moja. Naiteremsha, nasubiri dakika tatu au nne chupa ijae na kioo kitulie, kisha naivuta kwa haraka. Maji yaliyo chupani huja na joto lake. Dakika hizo nne zimeniokolea siku nzima za kutupa mshipi mahali pasipo na samaki.

Sasa niingie ziwani, kwa kuwa huko ndiko majira haya yana jambo ambalo asiyelijua atalaumu chambo, mwezi na hata mkewe.

Wakati wa kiangazi ziwa lenye kina hujipanga kwa matabaka. Maji ya moto ni mepesi, hukaa juu. Maji baridi ni mazito, hulala chini. Na kati yao kuna tabaka jembamba ambamo joto hushuka ghafla, tabaka ambalo mwanasayansi wa Marekani Edward Birge alilipa jina lake la kitaalamu mwaka 1897. Tabaka hilo hufanya kazi kama mfuniko. Upepo huchanganya maji ya juu na kuyapa hewa, lakini haupenyi mfuniko huo, na yale ya chini hukaa miezi bila kupata oksijeni mpya huku uchafu unaooza ukila ile iliyokuwapo. Samaki wengi, kwa hiyo, huishi kiangazi chote juu ya mfuniko au jirani nao, na mvuvi aliyezoea kuwakuta hapo huona kama ni nyumba yao ya kudumu.

Mapukutiko yanapoendelea maji ya juu hupoa, huwa mazito, huzama. Yanayochukua nafasi yake nayo hupoa na kuzama. Na mfuniko hushuka kidogo kidogo hadi siku inapofika ambapo juu na chini pana joto moja. Hapo upepo mmoja wa nguvu, hata wa usiku mmoja, hulipindua ziwa zima. Ziwa lililopinduka hivi punde lina dalili zake: maji yaliyokuwa safi hugeuka rangi ya chai ya maziwa, vipande vya majani yaliyooza huelea mahali pasipo na majani, na ukikaa upande unaopokea upepo pua hupata harufu ya yai viza, ambayo ni gesi iliyokuwa imefungiwa chini tangu kiangazi. Samaki wakati huo hutawanyika. Hawana mfuniko wa kuwazuia wala mpaka wa kufuata, na kwa siku kadhaa, pengine juma moja au zaidi katika ziwa kubwa, huwa hawashikiki.

Shauri langu kwa siku hizo ni fupi: ondokeni. Msikae hapo mkibadilisha chambo mara ishirini. Nendeni kwenye maji ya kina kifupi, ambayo hayana matabaka na kwa hiyo hayana cha kupindua, au nendeni mtoni, au ziwa jingine dogo ambalo kwa udogo wake lilikwisha kupinduka majuma mawili yaliyopita. Kipimajoto ndicho kitakachowaambia. Kikisoma nyuzi 17 juu na 9 chini, mfuniko bado upo, na bado mnavua kiangazi. Kikisoma 10 juu na 10 chini, ziwa limekwisha kuchanganyika, na maji yakitulia kidogo mambo huwa mazuri.

Yanakuwa mazuri kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba sasa oksijeni imefika hadi sakafuni, na maji baridi hubeba oksijeni nyingi kuliko ya moto: yaliyo na nyuzi 20 yanaweza kushika kiasi cha miligramu 9 kwa lita, na yaliyo na nyuzi 5 karibu 13. Vilindi vilivyokuwa jangwa vimefunguliwa. Ya pili inahusu majani ya majini. Kichaka kilichowaficha samaki wadogo kiangazi chote sasa kinakufa, kinaoza, na kikioza kinavuta oksijeni iliyo karibu yake. Wadogo hutoka, hawana tena pa kujificha, hujikusanya makundi kwenye kingo za vilindi, na wakubwa huwafuata huko. Likibaki shamba moja la majani mabichi katika ghuba nzima iliyogeuka kahawia, simameni hapo. Paiki, yule samaki mrefu mwenye mdomo kama wa bata na meno kama ya msumeno, hapaachi mahali pa namna hiyo.

Kuna ajabu moja ya maji matamu ambayo lazima niitaje kabla sijaondoka ziwani. Maji haya huwa mazito kuliko wakati wote yakiwa na nyuzi 4, si yakiwa na sifuri. Yakipoa chini ya hapo huwa mepesi tena na hupanda juu, na ndiyo maana barafu huanzia juu na sakafu hubaki na nyuzi 4 kipupwe chote. Kwa mvuvi maana yake ni kwamba kuelekea mwisho wa majira haya mambo hugeuka kichwa chini: sehemu yenye joto zaidi ziwani sasa ni chini. Maji ya bahari hayana tabia hiyo. Yakiwa na chumvi ya kawaida, gramu 35 hivi kwa kila kilo, huzidi kuwa mazito hadi yanapoganda, karibu nyuzi 1.9 chini ya sifuri. Bahari na ziwa, basi, havipoi kwa mpango mmoja, na kanuni ya huku haihamishiki huko.

Kuhusu namna ya kuvua katika maji yanayopoa, neno langu kuu ni taratibu. Damu ya samaki hufuata joto la maji. Joto la maji likipungua kwa nyuzi 10, shughuli za mwili wake hupungua hadi nusu au hata theluthi ya zilivyokuwa, na mlo aliousaga kwa siku moja wakati wa kiangazi sasa unaweza kumchukua siku kadhaa. Hana haraka, na hatakimbiza kitu kisichomlipa. Chambo bandia kilichokuwa kikivutwa kwa kasi mwezi Agosti sasa kizame hadi chini, kikae, kiinuliwe kiganja kimoja, kikae tena. Nahesabu hadi kumi kati ya mvuto na mvuto, kwa sauti ya chini, maana nisipohesabu mkono wangu hudanganya. Samaki akila, mara nyingi hakuna kishindo. Mshipi huwa mzito kama umegusa jani lenye maji, basi. Ukihisi uzito huo, vuta.

Na msiamke usiku bila sababu mkienda ziwani. Kiangazi alfajiri ni saa ya dhahabu, lakini katika maji baridi afadhali kusubiri jua lifanye kazi. Kati ya saa tano asubuhi na saa nane mchana, kwenye ghuba ya kina kifupi inayotazama jua, nyuzi moja au mbili za ziada zinatosha kuwaamsha wadogo na wakubwa waliolala. Hilo ni ziwani. Baharini nitawaambia kinyume chake.

Mito niipite kwa haraka. Mafuriko ya kwanza ya majira haya hubeba majani ya miti yote ya bondeni, na mshipi hurudi kila mara na kofia ya majani. Msihangaike. Ngojeni mto unapoanza kupungua na maji kuanza kuonekana kwa kina cha mkono. Siku ya kwanza na ya pili ya kupungua huko huzidi juma zima la kabla yake.

Lakini palipo na trauti au salmoni, mto una watoto ndani yake. Trauti wa kahawia hutaga kuanzia Oktoba hadi Januari kaskazini ya dunia. Jike huchimba changarawe kwa mkia, hutaga, hufukia, na mahali hapo hubaki doa la mawe meupe yaliyosafishwa katikati ya sakafu yenye ukungu wa kijani. Mayai hayo huchukua kiasi cha siku 40 kuanguliwa yakiwa kwenye nyuzi 10, na takriban miezi mitatu yakiwa kwenye nyuzi 5. Buti moja ikikanyaga hapo inaponda mamia. Karibu kila mahali wanapoishi samaki hawa sheria huwawekea msimu wa kufungwa, na tarehe zake hutofautiana baina ya mto na mto, kwa hiyo zisomwe kabla ya kutoka nyumbani. Hata pale sheria inaporuhusu kuvua samaki wengine, tusiingie majini palipo na mawe meupe.

Ndugu Mwenyekiti, nisitishe kidogo hapa kwa jambo la mgandamizo wa hewa, kwa sababu najua litaulizwa, na najua wapo humu wanaoamini kwamba samaki huhisi dhoruba kwa kibofu chake cha hewa na kuacha kula. Naiheshimu imani hiyo, maana niliwahi kuishika, lakini hesabu inaikataa. Tufani kubwa inaweza kuushusha mgandamizo kutoka hektopaskali (kipimo cha mgandamizo) 1015 hadi 985, yaani tofauti ya 30. Ndani ya maji, kila mita moja ya kina huongeza karibu hektopaskali 100. Tofauti ile ya tufani nzima, iliyochukua siku mbili kufika, samaki huipata kwa kupanda au kushuka sentimita thelathini, jambo analofanya mara mia kwa saa. Kwamba samaki hula vizuri kabla ya dhoruba, hilo nimeliona na sitalikana; lakini mimi huona sababu katika mawingu yanayopunguza mwanga, upepo unaochafua uso wa maji, na joto la hewa linalobadilika, mambo yote yanayokuja pamoja na mgandamizo kushuka.

Mahali ambapo kipima mgandamizo kina kazi ya kweli ni pwani. Kila hektopaskali moja inayopungua huiinua bahari kwa takriban sentimita moja. Hizo 30 za tufani ni sentimita thelathini juu ya jedwali la maji kupwa na kujaa, kabla hata ya kuhesabu maji yanayosukumwa nchi kavu na upepo. Mwamba ambao jedwali linasema utabaki mkavu unaweza kufunikwa.

Hapo tumekwisha kufika baharini, na nakiri kwamba hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Mwisho wa mapukutiko ni wakati wa safari. Makundi ya samaki wadogo, heringi na jamaa zake, huhama au kusogea, na wakubwa huyafuata kando ya ufuo. Kwenye pwani ya mashariki ya Marekani, besi wa milia huteremka kutoka pwani za kaskazini kuelekea Virginia na Carolina Kaskazini, wakila njia nzima kwa ajili ya kipupwe. Upande wa Ulaya, maji yanaposhuka kuelekea nyuzi 10, yule samaki anayeitwa kodi, ambaye hana udugu wowote na kodi ya serikali ingawa wote wawili huja bila taarifa, husogea karibu na nchi kavu, huku gayogayo wakianza kuondoka kwenye milango ya mito kwenda kilindini kutaga. Jina la samaki litabadilika kutoka pwani hadi pwani, lakini mwendo ni huo huo: bahari bado ina joto, chakula kinatembea, na usiku ni mrefu.

Kwa hiyo tuingie ufukweni kwa macho. Ufuo wa mchanga ukiutazama maji yamejaa huoni kitu ila mawimbi. Nendeni maji yakiwa yamepwa kabisa, hasa siku za bamvua, ambazo huja siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu, maana hapo bahari huvua nguo na kuonyesha kila kitu. Tembeeni bila fimbo ya kuvulia. Mtaona fungu la mchanga likienda sambamba na ufuo, na nyuma yake mfereji ambamo maji yamebaki yakifika magotini. Mahali fulani fungu limekatika, na mfereji unatokea baharini kwa mlango. Chutameni kwenye mlango huo. Mtakuta maganda ya kome yaliyovunjika, miguu ya kaa, pengine rundo la mwani uliosukumwa hapo, na mchanga wenye vijima vidogo vya nyungunyungu wa baharini. Hilo ndilo jiko. Maji yakirudi, samaki atapitia mlango huo na kutembea ndani ya mfereji, mara nyingi hatua thelathini tu kutoka nchi kavu, huku sisi tukijivunia kutupa chambo mita mia moja juu ya vichwa vyao.

Weka alama kabla ya kuondoka: simama mlangoni, tazama nchi kavu, linganisha nguzo moja na kitu kilicho nyuma yake, kisha fanya hivyo kwa upande wa pili. Usiku, ukirudi, mistari hiyo miwili itakurudisha pale pale. Mimi huichora katika daftari, kwa sababu kumbukumbu ya jua haitumiki gizani.

Saa ya kuvua huamuliwa na mwendo wa maji. Tangu kupwa hadi kujaa ni saa sita na dakika chache, na mabaharia wana kanuni ya kugawa kimo chote mafungu 12: saa ya kwanza maji hupanda fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Nusu ya maji yote, basi, huingia katika saa mbili za katikati, na hapo ndipo mkondo hubeba chakula na samaki hutembea. Kila siku maji hujaa kwa kuchelewa kiasi cha dakika 50, kwa hiyo jioni nzuri ya leo itakuwa usiku wa manane baada ya juma moja. Siku za maji mafu mwendo ni mdogo. Mimi huzitumia siku hizo kwenda kwenye midomo ya mito, ambako mkondo wa mto hufanya kazi ambayo bahari imeiacha.

Juu ya dhoruba, msiende wakati wa dhoruba. Neno hili ni la usalama na ni la uvuvi vilevile. Upepo mkali unaopiga ufuo hufukua mchanga, hung'oa kome, huwatoa nyungunyungu mashimoni, lakini maji yenyewe huwa machafuko yasiyoweza kuvuliwa. Upepo ukianguka, mawimbi yakabaki mazito lakini yenye mpangilio, na maji yakawa bado na rangi, hapo samaki huingia kuokota. Siku hiyo chambo cha harufu ndicho chambo: nyungunyungu, kipande cha ngisi, au kome waliofungwa kwa uzi laini ili wasitawanyike. Chubwi ya kawaida itaviringishwa; chukueni ile yenye miiba ya waya inayoshika mchanga, ya gramu 150 hivi.

Na hapa giza ni rafiki, kinyume na ziwani. Joto la bahari halibadiliki kwa saa chache za jua, kwa hiyo mchana hauongezi kitu, na usiku huwapa samaki ujasiri wa kuja hadi povu linapoishia. Jambo dogo lakini lenye gharama: taa ya kichwani isielekezwe majini. Geuka, upe bahari mgongo, ndipo uwashe na kufunga chambo.

Usiku huo huo, mto ukiwa umefurika na mwezi haupo, mkunga wa maji matamu, yule samaki mwenye umbo la nyoka, naye yuko safarini. Baada ya miaka mingi mtoni hugeuka rangi ya fedha, macho yake hukua, huacha kula, na huteremka kuelekea Bahari ya Sargasso, ambako Johannes Schmidt wa Denmark alionyesha, mwanzoni mwa karne ya 20, kwamba ndiko mikunga wa Ulaya huzaliana. Mkunga wa Ulaya amewekwa katika kundi la viumbe walio hatarini mno kutoweka tangu mwaka 2008. Akinaswa kwa bahati mbaya, mkate mshipi karibu na mdomo, umwachie aendelee. Safari yake bado ni ya maelfu ya kilomita.

Kwa samaki wowote tunaowaachia katika majira haya, kuna mambo mawili ambayo kiangazi hakiyafundishi. Hewa ikiwa chini ya sifuri, mashavu ya samaki yaliyotolewa majini huganda kwa muda mfupi mno, kwa hiyo ndoana itolewe akiwa ndani ya maji, na mikono iwe imelowa. Na samaki aliyevutwa haraka kutoka kina cha mita kumi au zaidi, hasa wale wa jamii ya pachi, kibofu chake hufura kiasi cha kushindwa kurudi chini. Ukikusudia kuwaachia, usivue kilindi hicho.

Kuhusu vifaa sina mengi. Mshipi wa nailoni hukakamaa kwa baridi na kukumbuka umbo la rili, kwa hiyo tumieni mwembamba kidogo kuliko wa kiangazi. Ule wa kusokotwa hunywa maji na hugandisha pete za fimbo, kwa hiyo usiku wa barafu uachwe nyumbani.

Nimalizie na miili yetu. Mtu akianguka kwenye maji baridi, wataalamu wa uokoaji hufundisha tarakimu tatu: moja, kumi, moja. Dakika moja ya kwanza ni ya pumzi. Kifua hubana na mtu huhema bila kutaka, na kazi yake pekee ni kuweka mdomo juu ya maji na kutulia. Dakika kumi zinazofuata ndizo mikono na miguu bado humtii. Ajiokoe ndani ya muda huo. Saa moja ndiyo muda unaokadiriwa kabla baridi ya mwili haijamnyang'anya fahamu. Wengi hufa katika dakika ile ya kwanza, wakiwa waogeleaji hodari, hatua chache kutoka nchi kavu. Niliwahi kuteleza kwenye gati lenye ukungu, maji yakiwa na nyuzi 7, na nilichokuwa nacho ni jaketi la kuokolea peke yake. Uhodari wangu wa kuogelea haukunifaa kitu, kwa sababu kwa muda ule sikuwa na pumzi ya kuogelea. Jaketi livaliwe, lisikaliwe. Suruali ya mpira ifungwe mkanda kiunoni. Kabla ya kushuka mwambani, bahari itazamwe dakika ishirini kamili, maana mawimbi makubwa huja kwa makundi na yaliyo madogo hukaribisha. Barafu ya kwanza ya ziwa isikanyagwe hadi ipimwe na kupatikana sentimita kumi za barafu ngumu, angavu.

Nimeahidiwa kwamba maswali yatakuwa mengi, na mengine yamekwisha kunifikia kwa karatasi. Wakati Mwenyekiti akiyapanga, chupa yangu ya kipimajoto iko hapa mezani pamoja na uzi wake. Aipitishe kila mmoja kwa jirani yake, aitazame shingo ilivyo, ila tafadhali fundo la mita ya saba limelegea, lisifunguliwe kabisa.